Antena ya Mama na Mnara wa Kololo

Mama yangu anaishi Bombo, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Kampala kwenda Gulu, yapata kilomita 35 kutoka katikati ya jiji. Ni mji wa makao makuu ya jeshi la nchi kavu na wa familia za Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan, na kwa sababu hizo mbili Kiswahili husikika huko sokoni na vibarazani kwa wingi ambao hauupati katika miji mingi ya Buganda. Kila jioni mama huswali Magharibi, hukunja msala wake, kisha huwasha televisheni na kungoja taarifa ya habari ya kituo kimoja cha Kampala ambacho amekizoea tangu sisi watoto wake tukiwa shuleni. Kuanzia katikati ya mwaka 2015 alikikosa kituo hicho kwa miezi saba. Hakikuwa kimefungwa wala kufilisika. Kilikuwa hewani usiku na mchana, na mawimbi yake yalipita juu ya bati la nyumba yetu. Miezi hiyo saba ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo naona halikusemwa vya kutosha wakati Uganda ilipohamia dijitali, yaani kwamba matangazo hukamilikia juu ya paa la mtazamaji, na kwamba kifaa kilichostahili kuzungumzwa kuliko vyote kilikuwa antena.

Tarehe yenyewe haikutushtua. Mwaka 2006, katika mkutano wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, uliofanyika Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kwamba baada ya tarehe 17 Juni 2015 matangazo ya televisheni ya analojia hayangelindwa tena dhidi ya mwingiliano wa mawimbi kutoka nchi jirani. Tanzania ilianza kuzima mitambo yake Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, na mapema mwaka 2015 tulishuhudia vituo vikubwa vya binafsi nchini Kenya vikitoweka hewani kwa karibu wiki tatu kutokana na mvutano wa nani ashike mitambo ya dijitali. Zamu yetu ilipofika katikati ya Juni mwaka huo, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ilianza kwa kuzima analojia Kampala na maeneo yanayoizunguka, nasi wa Bombo tukiwa ndani yake.

Sababu za kuhama zilikuwa nzuri, nami sijawahi kuzipinga. Katika analojia kila kituo kilihitaji njia yake yenye upana wa megahezi 7 au 8, ilhali kwa DVB-T2, mfumo wa kurusha televisheni ya dijitali kutoka minarani, ambao ndio uliochaguliwa nchini kwetu, njia hiyo hiyo moja huweza kubeba vituo zaidi ya kumi vyenye picha ya kawaida, vikisafiri pamoja kama abiria wa basi moja. Sehemu ya juu ya masafa ya zamani ya televisheni, kati ya megahezi 694 na 862, ilifunguliwa katika ukanda wetu wa dunia kwa ajili ya intaneti ya simu. Kazi nayo iligawanywa: vituo vilibaki na utengenezaji wa vipindi, na urushaji wa mawimbi ukakabidhiwa Signet, kampuni ya shirika la utangazaji la taifa, UBC, ambayo mnara wake mkuu uko juu ya kilima cha Kololo.

Ujumbe uliotufikia sisi watazamaji ulikuwa mmoja: nunueni dekoda, yaani king'amuzi. Mama aliununua ujumbe huo pamoja na kifaa chenyewe, kwa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Nilifika kutoka Kampala siku ya Jumamosi, nikachomeka waya wa antena ile ile iliyokuwa juu ya nyumba tangu nikiwa mtoto, nikaiagiza dekoda itafute vituo. Ilitafuta kuanzia mwanzo wa masafa hadi mwisho, ikatoa jibu kwamba hakuna kilichopatikana. Niliirudisha dukani, nikapewa nyingine, nayo ikajibu vivyo hivyo. Kituo chenyewe nilikipigia simu, na aliyeipokea alinieleza kwa upole kwamba wao wako hewani na kwamba tatizo liko kwetu. Alisema kweli. Kilichoniuma ni kwamba mazungumzo yaliishia hapo, wala hapakuwa na mtu wa kunieleza tatizo hilo ni lipi.

Ili mtu aelewe kilichompata mama, ni lazima akumbuke jinsi analojia ilivyokuwa ikiharibika. Ubovu wake ulikuja kidogo kidogo. Mawimbi yakidhoofu, picha iliingia chenga; yakizidi kudhoofu, chenga ziliongezeka na rangi ikapauka; mawimbi yaliyogonga kilima au bati na kurudi yaliweka kivuli pembeni ya uso wa mtangazaji. Hata hivyo sauti ilisikika, na mtu mwenye nia aliweza kuitazama taarifa nzima ya habari kupitia chenga hizo, kama tulivyofanya sisi kwa miaka mingi tukiamini kwamba televisheni ya Bombo ndivyo ilivyo. Dijitali haina hali hiyo ya katikati. Picha hutumwa ikiwa tarakimu, pamoja na tarakimu za ziada ambazo dekoda huzitumia kusahihisha makosa yaliyotokea njiani. Maadamu makosa ni machache, dekoda huyasahihisha yote, na nyumba iliyo Bombo huona picha safi sawasawa na nyumba iliyo chini ya mnara. Makosa yakizidi uwezo wake, picha huvunjika vipande vya mraba, sauti hukwaruza, kisha skrini huwa nyeusi. Umbali kati ya picha safi kabisa na giza kabisa ni mdogo mno, kama ule ulio kati ya mtu aliyesimama ukingoni mwa genge na mtu aliyekwisha kuanguka.

Kwa hiyo waliokuwa wakitazama kwa chenga ndio waliokuwa karibu zaidi na ukingo huo. Mtu wa Kololo au Bukoto angeweza kuchomeka kipande cha waya nyuma ya dekoda na kuona kila kitu, lakini mjane wa Bombo aliyevumilia chenga kwa miaka ishirini alianguka siku ya kwanza. Wala hakuna aliyejua kwamba ameanguka, kwa kuwa mtambo wa kurushia matangazo haupokei habari yoyote kutoka kwa anayetazama. Nyumba iliyokosa picha haionekani popote isipokuwa mwenyewe apige kelele, na mama yangu si mtu wa kupiga kelele. Aliifunika televisheni kwa kitambaa, akarudi kwenye redio yake.

Aliyetutoa gizani alikuwa fundi mmoja kijana wa pale pale Bombo, anayetengeneza redio na simu karibu na sokoni. Alipanda juu, akaitazama antena yetu kwa muda, kisha akashuka na kuniomba rula ya shule. Antena yetu ilikuwa ya zama za Uganda Television, kituo cha taifa cha zamani, yenye mikono mirefu inayokaribia mita moja, kwa kuwa iliundwa kupokea masafa ya VHF, yaani yale ya chini ya televisheni, ambayo urefu wa wimbi lake ni kama mita moja na nusu na ushei. Dijitali yetu hurushwa katika masafa ya UHF, yaliyo juu ya hayo, kuanzia megahezi 470 hadi 694, ambako wimbi lina urefu wa kati ya sentimita 43 na 64. Kipande cha antena hupokea vizuri kikiwa na urefu unaokaribia nusu ya wimbi, yaani kati ya sentimita ishirini na kitu na thelathini na kitu. Alinionyesha ile rula na kusema kwamba vipande tunavyovihitaji havizidi sana urefu wake. Nilisimama pale uani nikijiuliza kwa nini sentensi hiyo moja haikuwahi kusomwa hata mara moja kwenye matangazo yaliyotuhimiza tununue dekoda.

Tulinunua antena ya UHF yenye vipande vingi, bei yake ikiwa ndogo kuliko ya dekoda. Fundi alibadilisha pia waya, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa umeungwa sehemu tatu kwa kusokotwa na kufungwa utepe, na maji ya mvua yalikuwa yameingia ndani hadi shaba imekuwa ya kijani. Akaifunga antena kwenye bomba la chuma lenye urefu wa mita sita, akaielekeza kusini, upande wa Kampala, huku mimi nikiwa ndani nimeufungua ukurasa wa dekoda unaoonyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora wake. Hapo nilijifunza jambo lingine ambalo ningependa kila mwenye dekoda alifahamu: mstari wa kufuata ni ule wa ubora. Kabla fundi hajaigeuza antena kidogo kuelekea mashariki, nguvu ilikuwa juu sana na ubora ulikuwa sifuri, kwa maana dekoda ilikuwa ikipokea kelele nyingi na matangazo machache. Alipoigeuza kwa upana wa kiganja tu, ubora ulipanda, na uso wa mtangazaji ukatokea, safi kiasi ambacho hatukuwahi kukiona katika nyumba ile. Nilimwita mama. Alikuja na upawa mkononi, akasimama mlangoni, akasema, "Kumbe amezeeka hivi," akimaanisha mtangazaji ambaye kwa miaka yote alikuwa amemwona kupitia chenga.

Jirani yetu, Afande mmoja mstaafu, alikuwa ameshaamua kuachana na antena na kununua dishi la kampuni ya kulipia. Picha yake ilikuwa nzuri hadi mwisho wa mwezi ulipofika na pensheni ikachelewa. Hapo skrini iliandika kwamba alipe kwanza, na pamoja na vituo vya ng'ambo vikatoweka hata vile vya Uganda ambavyo kila siku hujitangaza kuwa ni vya bure. Mvua kubwa pia ilimkatia picha, jambo lililomfanya aamini kwamba dijitali na mvua haziivani. Ukweli ni kwamba mvua hudhoofisha sana mawimbi ya setilaiti yanayopokelewa kwa dishi, kwa kuwa masafa yake ni ya juu mno, lakini mawimbi ya UHF kutoka Kololo huipita mvua bila shida kubwa. Picha ya antena ikikatika wakati wa mvua, kagua viungo vya waya kwanza, kisha tazama kama kuna majani yaliyolowa maji mbele yake. Afande alikuja kuniuliza, nami nikampeleka kwa fundi yule yule. Tangu hapo nyumba saba za mtaa wetu zimeinua mabomba, na kijana yule amepata kazi aliyoistahili.

Sipendi kuwalaumu watu wa kituo kile, kwa kuwa najua wanavyojitahidi kuandaa habari kwa fedha kidogo, na naamini hakuna mhariri anayefurahia kupoteza watazamaji. Ninachosema ni kwamba kituo kilichokabidhi urushaji wake kwa mwingine kimebaki bado na wajibu wa kufuatilia kama kinafika. Dakika mbili kwa wiki zingetosha kuwaeleza watazamaji mnara uko upande gani, masafa yake ni megahezi ngapi ili mtu aingize mwenyewe badala ya kungoja dekoda itafute, na kama vipande vya antena vinapaswa kulala au kusimama, kwa maana ukivisimamisha pale vinapotakiwa kulala unapoteza sehemu kubwa ya mawimbi. Maelezo hayo yasomwe Kiganda, yasomwe Kiswahili, na yasomwe redioni pia, kwa sababu anayeyahitaji zaidi ni yule ambaye televisheni yake imefunikwa kwa kitambaa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika Katiba yetu tangu marekebisho ya mwaka 2005, na sioni matumizi yaliyo bora zaidi ya lugha hiyo kwa mji kama Bombo kuliko kumweleza mtu namna ya kupokea habari anazoandaliwa.

Wiki iliyopita mama alinipigia simu kunieleza kwamba picha imeanza tena kuvunjika vipande, hasa jioni baada ya mvua. Nilimwuliza kuhusu mwembe ulioota uani upande wa kusini, ambao mwaka 2015 ulikuwa haujafika hata usawa wa dirisha. Amesema umelipita bati, na kwamba msimu huu umezaa sana, kwa hiyo hataki kusikia habari ya panga. Nimeshazungumza na fundi. Jumamosi nitapita dukani Wandegeya kununua bomba jingine la mita tatu na waya mpya wenye urefu wa kutosha, kisha nipande teksi ya Bombo mapema ili tuwe tumemaliza kabla ya Magharibi.