Nundu ya tyubu

Jana fundi baiskeli alikata kipande kizima cha tyubu iliyotoka nundu, akaanza kuunga ncha kwa solusheni. Mwanangu akauliza, "Mama, mbona asikate nundu peke yake?"

Swali hilo nililisikia zamani hapa hapa Arua, Uganda, juu ya tumbo lililo wazi la mgonjwa wa upasuaji.

Kijana wa miaka 19, haja yake kubwa damu ya rangi ya matofali. Uniti 2 za damu, ketamini ya usingizi, kisu. Daktari aliushika utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, akaurudisha nyuma taratibu kati ya vidole. Mimi nilifuata na shashi yenye maji ya chumvi ya vuguvugu, maana utumbo ukikauka unachubuka. Kwenye sentimita 60 hivi kikatokea: kifuko cha Meckel, kirefu kama kidole, upande usioshikwa na utando unaobeba mishipa ya damu ya utumbo. Watu kama 2 kati ya 100 huzaliwa nacho, wengi wanazeeka nacho bila habari.

"Tukikate shingoni tu, daktari?" akauliza mwanafunzi.

"Sista, shika hapa."

Nikabonyeza. Kifuko laini kabisa, lakini chini yake, kwenye utumbo wenyewe, pagumu kama harage ndani ya kitambaa. Basi nikaelewa. Kifuko kinaweza kuwa na ngozi ya ndani kama ya tumbo la chakula, inayotoa asidi. Kinachoungua ni utumbo wa jirani usio na kinga. Ukiondoa kifuko peke yake, kidonda unamwachia mgonjwa, na damu yake. Kifuko chenye shingo nyembamba kisichovuja damu, hicho sawa, kata, ushone kwa kukingama ili njia isibane.

Hiki kilitoka na kipande cha utumbo. Mishipa ikafungwa, utumbo ukaungwa ncha kwa ncha, uzi unaoyeyuka wa unene wa 3-0. Daktari akapima njia kwa kidole gumba na cha shahada, kisha akaziba tundu la utando, utumbo usije ukapenya ukanasa.

Kovu la kijana huyo upande wa kulia wa tumbo sikulitaja. Mwaka uliotangulia tulimtoa kidole tumbo. Kilikuwa laini, hakina wekundu, na kikiwa hivyo unatakiwa kuufuata utumbo hizo sentimita 60, ukitafuta kifuko kama hiki. Hatukuufuata. Siku ile nilihesabu shashi mara mbili, hesabu ikatimia.

Fundi akazamisha tyubu kwenye beseni. Mwanangu akainama, akitafuta mapovu.