Kaseti isiyo na jina la mwongozaji

Ni kaseti ya dakika 60. Kwenye karatasi yake kuna maandishi ya kalamu ya risasi, "Dvořák 9", na hakuna neno jingine. Okestra haikutajwa, mwongozaji hakutajwa, mwaka haupo. Baba alipewa na mwalimu wa tarumbeta, Mjerumani mmoja aliyekaa hapa Dodoma miezi michache akifundisha kikundi cha usharika wetu. Ni simfonia ya tisa ya mtunzi Dvořák, kazi ndefu ya okestra yenye sehemu nne. Upande A una sehemu tatu za kwanza. Upande B ulikuwa na sehemu ya nne, ila baba alikuwa mwalimu wa kwaya, na siku moja alikosa kaseti tupu akarekodi juu yake zoezi la Jumamosi. Basi mimi nimekua nikijua kwamba simfonia hii ikifika mwisho wa sehemu ya tatu unageuza kaseti, na baba anagonga meza: "Sauti ya pili mmelala. Tuanze upya."

Sehemu ya nne niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 26, kwenye simu, nimekaa kwenye kivuli cha mbuyu upande wa Mvumi tukisubiri mwenye shamba aje atuonyeshe mpaka wake. Mimi ni mpima viwanja. Nakumbuka zile besi zinavyoanza na noti mbili zikipandiana, kwanza taratibu halafu kwa kasi zaidi kila mara, kisha honi na tarumbeta zinapasua. Niliwaambia vijana wa mnyororo wapumzike kidogo, nikasikiliza mpaka mwisho. Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja ambalo limenila bando nyingi: kwenye kaseti ya baba, nani anapiga?

Kwa wasioifahamu: Antonín Dvořák alikuwa Mcheki. Mwaka 1892 alikwenda New York kuongoza chuo cha muziki, na huko akaandika simfonia hii, inayoitwa "Kutoka Ulimwengu Mpya". Ilipigwa mara ya kwanza Desemba 1893 katika ukumbi wa Carnegie. Pale chuoni alikuwa na mwanafunzi Mmarekani Mweusi, Harry Burleigh, aliyekuwa akimwimbia nyimbo za kiroho za watu waliotoka utumwani. Dvořák hakuzinakili, lakini alizisikiliza kwa makini sana, na ukiifungua sehemu ya pili, Largo, unaelewa zilimwingia wapi. Wimbo wake kwa solfa ni huu, uimbe mwenyewe: m s s, m r d, r m s m r. Hakuna fa, hakuna ti. Mama yangu ni Mgogo wa Chamwino, hajui Dvořák ni nani wala hajawahi kuona okestra. Siku nilipoweka Largo jikoni aliacha kupepeta, akasikiliza ile koranglee (ni chombo cha kupuliza, ndugu mkubwa wa obo, ina sauti nene kidogo ya puani), akasema, "Huyu yuko peke yake na ng'ombe." Sijapata kusoma maelezo bora kuliko hayo.

Lazima niseme pia kwamba napiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, maana ndiyo sababu nasikiliza ninavyosikiliza. Katika simfonia nzima Dvořák ameipa tuba noti 14 tu, zote ndani ya Largo. Mpiga tuba anakaa kimya sehemu yote ya kwanza. Largo ikianza anaingia na wenzake wa kupuliza, wanajenga zile sauti nzito zinazotoka kwenye ufunguo wa E na kukufikisha mbali kabisa kwenye Des (D iliyoshushwa nusu toni), kama mtu anayehamishwa nyumba usiku. Noti saba. Halafu anangoja, karibu na mwisho wa Largo anapiga saba nyingine, kisha anakaa na tuba yake mapajani mpaka watu wapige makofi. Mtu anaweza kuona ni dharau. Mimi naona amepewa kazi ya kushika mlango. Ukiubamiza, yule mchungaji wa ng'ombe hataingia.

Kwa hiyo kila rekodi naipima hapo. Naegemeza simu ukutani, nafungua Largo, nashika tuba na kupuliza pamoja nao zile noti saba. Pumzi yangu ndiyo utepe wa kupimia.

Nilianza na mwongozaji Leonard Bernstein kwa sababu ndiye aliyetokea kwanza nilipotafuta. Ana rekodi mbili. Ya mwaka 1962 yuko na New York Philharmonic, okestra ile ile iliyoipiga simfonia hii siku ya kwanza, na inakimbia kwa furaha ya kijana. Ya mwaka 1986 na okestra ya Israel ni habari nyingine kabisa. Largo peke yake inazidi dakika 18, wakati wengi wanaimaliza kwa 12 au 13. Nilijaribu kupuliza naye nikakata pumzi kwenye noti ya tano. Nikarudia, nikakata tena. Walio na mapafu ya kazi hiyo wanaweza, na ukikaa gizani bila haraka kuna mahali inakushika koo kweli. Lakini mimi nadhani amemzuia yule mchungaji wa ng'ombe njiani. Anayerudi nyumbani akichelewa hivyo, watu watatoka na taa kumtafuta.

Arturo Toscanini, 1953, na okestra ya NBC, nilimsikiliza kwenye treni ya SGR nikienda Dar kikazi. Rekodi ni ya zamani na sauti yake ni kavu. Lakini kati ya Gulwe na Kilosa, tukiingia na kutoka kwenye mahandaki, sehemu ya kwanza ilikaa sawasawa na mwendo. Dvořák mwenyewe alikuwa na mapenzi makubwa na treni, alikuwa akienda stesheni kuziangalia tu. Nilimwaza pale dirishani. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya Toscanini, huwa simrudii.

Sasa kaseti. Alama ya kwanza niliyoipata ni hii: katika sehemu ya kwanza Dvořák ameandika kwamba baada ya nyimbo kuu kutambulishwa, mrudi mwanzo mzipige tena. Wengine wanarudia, wengine wanapita. Kaseti ya baba haikurudia. Hapo nikawatoa wengi, akiwemo István Kertész na okestra ya London ya mwaka 1966, maana yeye anarudia. Lakini Kertész huyo huyo alikuwa ameirekodi miaka mitano kabla, 1961, na Vienna Philharmonic, na pale hakurudia. Nikaiweka. Kwenye utangulizi, dakika ya kwanza tu, timpani, ngoma kubwa za okestra, zinapiga kama mtu anayegonga geti la chuma na ngumi. Nilizima simu. Nikaenda kuchukua redio kaseti ya baba, ambayo sasa inafanya kazi ukiibana mlango wake na kidole, nikaweka upande A. Geti lile lile, ngumi ile ile. Kaseti inakimbia kidogo kwa uzee na kila kitu kimepanda karibu nusu toni, lakini mpigo ni ule. Nikalinganisha na mwanzo wa sehemu ya tatu, ambako timpani zinajibizana na nyuzi. Ni wao. Kertész alikuwa na miaka 31 au 32 tu alipoifanya. Mwaka 1973 alikufa maji akiogelea baharini huko Israel, hajafika hata miaka 44.

Nilidhani nikimpata mwenye kaseti nitakuwa nimepata pia rekodi yangu. Kwa sehemu ya kwanza na ya tatu ni kweli, sijasikia anayemshinda. Largo yake pia ni nzuri, koranglee ya Vienna inalia vizuri sana. Ila nikipuliza naye zile noti saba nahisi naonyeshwa kitu kizuri na mtu anayejua kuwa ni kizuri.

Rafael Kubelík na Berlin Philharmonic, 1972, ndiyo rekodi ninayowapa watu wanaoniuliza waanzie wapi. Imekamilika. Nyuzi za Berlin ni nene kama uji wa ulezi, na hakuna kona yoyote aliyoikata. Kubelík aliondoka kwao mwaka 1948 wakomunisti waliposhika nchi, akakaa nje miaka 42. Mwaka 1990 akarudi Prague, na mwaka uliofuata akaipiga simfonia hii pale na okestra ya Wacheki, mzee tayari. Hiyo ya 1991 ina makosa madogo madogo, na siwezi kuisikiliza nikiwa na watu.

Lakini ninayoishi nayo ni ya Karel Ančerl na Czech Philharmonic, 1961. Hana papara na wala hakawii. Okestra yake haina unene wa Berlin, fagoti zinasikika moja moja, honi zinatetemeka kidogo kwa namna ya Kicheki ambayo mwanzoni sikuipenda. Zile noti saba anaziweka chini kama mtu anavyoweka mzigo wa kuni mlangoni, bila kelele, halafu anamwachia koranglee nafasi yake. Ančerl alikuwa Myahudi. Wanazi walimpeleka kambi ya Terezín, kisha Auschwitz, na huko wakaua mke wake na mtoto wao mdogo. Alirudi yeye peke yake, akaiongoza okestra hiyo tangu 1950 mpaka majeshi ya Kisovieti yalipoingia nchini kwao mwaka 1968, akahamia Toronto, akafia ugenini mwaka ule ule aliokufa Kertész. Habari hizi nilizisoma baada ya kuwa nimeshaipenda rekodi. Nilirudi kutafuta kilio ndani yake, sikukuta. Anapiga wimbo wa kurudi nyumbani bila kumwomba mtu yeyote huruma.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, alifariki mzee aliyekuwa akipiga tromboni kwenye kikundi chetu tangu enzi za baba. Niliandika Largo kwa wapigaji sita wa kikundi chetu, fupi tu: zile sauti za mwanzo, wimbo, na sauti za mwisho. Zoezi la Ijumaa tulibishana mwendo. Niliwachezea Kubelík, halafu Ančerl, kwenye spika ndogo. Mzee wetu wa sauti ya tatu, asiyejua yupi ni yupi, akasema, "Huyu wa pili anavuta pumzi pale ninapovuta mimi."

Makaburini upepo wa Dodoma ulikuwa ule wa Agosti, unaobeba vumbi na kofia. Tulibana karatasi kwa vibanio vya nguo, viwili juu, viwili chini, na bado ya kwangu iliruka. Haikunisumbua, noti 14 nazijua. Wimbo alipiga binti wa marehemu kwa kornet, tarumbeta fupi, na kwenye ile r m s m r alisimama kidogo kuliko nilivyoandika, nasi tukamngoja.

Kijana mmoja alirekodi kwa simu. Jioni ile nilikaa na saa, nikaiweka yetu, kisha Ančerl, kisha Kubelík. Sisi tulikuwa wazito kidogo kuliko Ančerl, wepesi kidogo kuliko Kubelík. Kuna upepo mwingi, kuna mtoto anayeulizia maji, na sauti za mwisho kornet ya pili iko chini kidogo. Nimeihifadhi kwenye simu pamoja na zile nyingine, na jina la mwongozaji nimeacha wazi.