Bweni Zima Halivuti

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, niliamini kwamba karibu kila mwanafunzi wa bweni letu alivuta bangi, kwa sababu harufu yake ilienea ukumbini kila Ijumaa usiku, na wavutaji ndio waliokuwa na visa vya kusimulia asubuhi yake, ilhali waliolala mapema hawakuwa na la kueleza. Nilipokuja kuwahesabu kwa majina, hawakutimia hata kumi.

Kosa langu halikuwa geni. Mwaka 1986, watafiti wa Marekani H. Wesley Perkins na Alan Berkowitz walichapisha utafiti kuhusu pombe chuoni, wakaonyesha kwamba wanafunzi waliwadhania wenzao kuwa wanauridhia ulevi zaidi ya vile wenzao hao walivyouridhia kwa kweli. Tafiti za baadaye zimekuta dhana ya namna hiyo kuhusu bangi, na mtu anayeamini kwamba wote wanatumia huona haya kuwa yeye pekee asiyetumia, hata pale ambapo hakuna aliyemshawishi.

Ndiyo maana nasita lawama zote zinapotupiwa makundi mabaya. Ni kweli kwamba kuwa na rafiki anayetumia, pamoja na sigara na pombe, hujitokeza mara kwa mara katika tafiti kuhusu wanafunzi wanaotumia dawa za kulevya. Lakini nyingi kati yake hutumia dodoso linalojazwa mara moja tu, kwa hiyo haziwezi kusema kama rafiki ndiye aliyemvuta mwanafunzi au mwanafunzi ndiye aliyemtafuta rafiki wa kuvuta naye. Alama za chini na sonona nazo huenda zikawa chanzo, matokeo, au vyote viwili.

Kinachosahaulika zaidi ni vidonge vya mitihani. Amfetamini na methilfenideti, ambazo madaktari huwaandikia watu wenye tatizo la umakini, zimo katika jedwali la pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, lakini mwanafunzi anayezimeza bila cheti cha daktari hujiona mwenye bidii, wala hajihesabu miongoni mwa watumiaji. Mwenzangu wa chumba alimeza kidonge ili akeshe, kisha alfajiri akavuta bangi ili apate usingizi, na nina hakika kwamba kama angepewa dodoso siku hiyo, angetaja bangi peke yake.