Miezi mitano ya kumwandaa Chiku: nilivyosafiri na paka ndani ya kabini

Daktari wa mifugo alipitisha kisomeo shingoni mwa Chiku mara tatu, kikakaa kimya. Akaniuliza, "Chipu yake iko wapi?" Hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nimeshika kijitabu cha chanjo kilichojaa mihuri, nikiamini sehemu ngumu tumeshaimaliza. Akakifungua, akaweka kidole juu ya tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akaniambia kwamba kwa safari ya kwenda Ulaya chanjo ile haihesabiki. Muda wake ulikuwa haujaisha. Tatizo ni kwamba alidungwa kabla ya kuwekewa chipu, na kwa sheria za Umoja wa Ulaya chipu hutangulia chanjo. Bila namba mwilini, hakuna kinachothibitisha kwamba paka aliyechanjwa siku ile ndiye huyu aliyepo mezani.

Ilikuwa imebaki miezi miwili na nusu nihame.

Tulianza upya siku ileile. Chipu ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kina namba yenye tarakimu 15, na hudungwa chini ya ngozi kati ya mabega. Chiku alilia mara moja tu. Chanjo ikafuata palepale. Anayetoka nchi iliyomo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya, ya nchi unazoziamini kwa udhibiti wa kichaa cha mbwa, angesubiri siku 21 na kuendelea na safari yake. Mimi nilikuwa natoka nje ya orodha hiyo, kwa hiyo mambo yalikuwa marefu zaidi: kungoja siku 30 baada ya chanjo, kutoa damu, damu ipelekwe maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, na kinga iliyomo ifike angalau yuniti 0.5 kwa mililita. Majibu yakiwa mazuri bado unangoja miezi 3, na hiyo huhesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Nikahesabu kwa vidole palepale kliniki. Miezi minne, na siku kadhaa za hapa na pale. Nilitoka nje nikampigia simu mwajiri wangu mpya kuomba tarehe isogezwe, sauti ikinitetemeka, kwa sababu jibu likiwa hapana ningelazimika kumwacha Chiku. Alikubali, akanipa miezi mitano.

Kwa hiyo ukiwa na paka au mbwa, hata kama huna safari yoyote kichwani, nenda umwekee chipu, kisha chanjo, kwa mpangilio huo. Ni dakika chache, na hazirudishiki nyuma ukishakosea.

Kuhusu kumsafirisha kwenye sehemu ya mizigo, nilifikiria kwa uzito. Si kweli kwamba mnyama huko chini hukosa hewa. Sehemu wanakowekwa hewa yake husawazishwa kama ya abiria. Lakini kuna kelele, kuna kusubiri juani au kwenye baridi kabla ya kupakiwa, na Chiku ni paka anayejificha siku nzima mgeni akigonga mlango. Nilitaka anisikie. Bahati yangu ni kwamba nilikoenda kabini inaruhusiwa. Ingekuwa Uingereza, nisingekuwa na hiari: wanyama wanaoingia huko kwa ndege hupitishwa kama mzigo, isipokuwa mbwa wa usaidizi.

Sikulipia tiketi kabla ya kupiga simu. Ndege moja huchukua wanyama wachache tu kabini, na nafasi ya mnyama huombwa pembeni, haiji na tiketi ya abiria. Niliomba, nikaambiwa imekubaliwa, nikasisitiza nitumiwe uthibitisho kwa barua pepe. Ulipokuja ulitaja ndege ya kwanza peke yake. Ya pili ilikuwa ya shirika jingine lililoshirikiana na la kwanza, na huko hakuna aliyewahi kusikia habari za paka. Nilipiga simu nne. Kama ningeridhika na maneno ya kwanza ya simu, ningekwama katikati ya safari na paka mkononi. Niliuliza pia vipimo vya nafasi iliyo chini ya siti ya mbele kwenye kila ndege, maana vinatofautiana, na baadhi ya siti zina kisanduku cha umeme pale chini kinachomeza nafasi yote. Siti za mstari wa mbele kabisa na za mlango wa dharura hazifai: hakuna pa kumweka mnyama.

Kikomo cha uzito nilichopewa kilikuwa kilo 8, mnyama pamoja na begi lake. Nikapanda mizani nikiwa nimembeba Chiku, nikapanda tena peke yangu: kilo 5.4. Nilichagua begi la kitambaa, jepesi, lenye wavu pande tatu na milango miwili, mmoja juu na mmoja ubavuni. Mlango wa juu ni muhimu kuliko unavyoonekana. Paka mwenye hofu humtoi kwa ubavuni. Hujikaza kama kabari. Kwa juu unamshika kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mwingine chini ya makalio, anatoka bila vita.

Miezi ile ya kungoja, ambayo mwanzoni niliiona mzigo, ndiyo iliyonipa nafasi ya kufanya jambo lililobeba safari nzima. Nililiweka begi wazi kwenye pembe anayopenda kuota jua, ndani nikatandika fulana yangu ambayo sijaifua. Wiki ya kwanza alilinusa, akalizunguka, akaenda zake. Nikaanza kusogeza bakuli lake la chakula: leo hatua mbili kutoka begini, kesho moja, kisha mlangoni, kisha ndani. Siku ya kumi na moja niliingia sebuleni nikaona mkia tu umetokeza mlangoni, ukicheza taratibu. Alikuwa amelala humo. Sikumgusa, nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu.

Baada ya hapo nilifunga zipu kwa dakika moja, nikafungua, nikampa kipande cha kitu anachokipenda. Dakika tano. Kumi. Nikalibeba begi nikizunguka nyumba. Nikalipakia kwenye gari, gari limezimwa; siku nyingine limewashwa; siku nyingine tukaenda mwendo mfupi na kurudi. Jioni nikifanya kazi mezani nililiweka chini ya kiti kilichokuwa mbele yangu, miguu yangu ikilibana pande zote mbili, na simu ikicheza mvumo wa injini kwa sauti ya chini. Kufikia mwezi wa tatu wa mazoezi hayo, mlio wa zipu ulikuwa unamtoa popote alipo mbio.

Mkanda wa kifuani ulikuwa kazi nyingine. Mara ya kwanza kumvalisha alianguka ubavu, akabaki pale amenyooka, akinitazama. Ilichukua wiki tatu atembee nao kama kawaida. Usiuruke huu mkanda, nitaeleza kwa nini.

Watu wengi walinishauri nimpe dawa ya usingizi. Daktari alikataa katakata: dawa za kulewesha hushusha shinikizo la damu na huvuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto lake, na huko juu hewa ya kabini ni nyepesi, inaweza kufikia ile ya mlima wa karibu mita 2,400. Mnyama akizidiwa pale, nani atamsaidia? Alichokubali ni tujaribu gabapentini, dawa ambayo madaktari huwapa paka wenye hofu ya safari, kwa kipimo alichokipima yeye, na nyumbani kwanza. Chiku alipepesuka saa nne nzima, akashindwa kuruka kwenye kiti chake. Tukaamua asafiri bila dawa. Kwa paka mwingine huenda ingefaa sana. Ndiyo maana ya kujaribu kabla.

Kulikuwa na ushauri mwingine uliorudi mara kwa mara: tafuta barua kwamba Chiku ni mnyama wa faraja, asafiri bure na bila masharti. Nilivutiwa, sitaficha. Mama yangu alipofariki, Chiku ndiye aliyekuwa anakuja kulala juu ya kifua changu saa tisa usiku, na usiku ule ungekuwa mrefu mno bila yeye. Faraja yake ni ya kweli. Lakini nilipofuatilia niligundua tofauti ambayo sikuwa naijua. Mbwa wa usaidizi amefunzwa kazi maalumu kwa mtu mwenye ulemavu: kumwongoza asiyeona, kumtahadharisha asiyesikia, kumlinda anayeshikwa na kifafa. Mnyama wa faraja hajafunzwa kazi. Uwepo wake ndio msaada. Marekani, ambako zamani mashirika yalilazimika kuwapokea wanyama wa faraja kabini, sheria ilibadilika Januari 2021: mnyama wa usaidizi ni mbwa aliyefunzwa tu, mwenye fomu zake, na mashirika yanaruhusiwa kuwahesabu wa faraja kama wanyama vipenzi wengine. Mabadiliko hayo hayakuja bure. Barua na vitambulisho vilikuwa vinauzwa mtandaoni kwa yeyote, na wanyama ambao hawajawahi kukaa katikati ya umati waliingizwa kabini wakiwa wamejaa hofu.

Nikamlipia Chiku kama kipenzi. Nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu katika uwanja wa kuunganishia ndege nilikaa karibu na mzee asiyeona, mbwa wake elekezi amelala miguuni pake, kidevu juu ya kiatu. Alisikia Chiku akilia, akaniuliza ni nani huyo. Tukaongea. Akanisimulia kwamba mbwa wake wa kabla ya huyu aliwahi kurukiwa na mbwa mwingine langoni, mbwa aliyevishwa fulana ya usaidizi ambayo hakustahili. Hakuumia sana, lakini tangu siku ile alianza kutetemeka kila akimwona mbwa mwenzake, na mbwa anayetetemeka hawezi kuongoza mtu kuvuka barabara. Alistaafishwa mapema. "Mwanangu," akasema, "nilipoteza macho kwa mara ya pili." Sikuwa na la kumjibu. Nilimshika mkono tu.

Nimetangulia mbele. Siku yenyewe, nilimlisha Chiku mara ya mwisho zikiwa zimebaki saa sita tuondoke, chakula kidogo, na maji ya kulamba. Chini ya begi niliweka pedi inayofyonza mkojo, nyingine mbili kwenye mkoba wangu pamoja na mfuko wa plastiki na nguo ya kubadilisha, yangu. Cheti cha afya kilikuwa kimesainiwa na daktari wa serikali siku nne nyuma. Hudumu siku 10 hadi unapofika mpakani, kwa hiyo usikiwahi mno.

Mahali pa hatari kuliko pote ni ukaguzi wa usalama. Begi hupita kwenye eksirei, mnyama haruhusiwi kupita humo. Unamtoa, unambeba mikononi kupita kwenye lango. Fikiria ukumbi ule: trei zinagongana, magurudumu, watoto, vipaza sauti. Paka akichomoka hapo, uwanja mzima umefunguka mbele yake. Nilimwendea ofisa kabla ya foleni kufika, nikamwambia, "Samahani dada, nina paka ndani, naomba chumba cha faragha." Hakusita hata kidogo. Walitupeleka kwenye kachumba, wakafunga mlango, ndipo nikafungua zipu. Kamba ya mkanda nilikuwa nimeizungusha mara mbili kiganjani. Nilihisi moyo wa Chiku ukigonga kwenye mkono wangu, kucha zake nne zimeingia begani mwangu kupitia sweta. Walilikagua begi likiwa tupu, wakanipangusa viganja kupima mabaki ya vilipuzi, wakalirudisha. Chiku aliliona begi lake, akajirusha ndani mwenyewe. Ofisa akatabasamu, mimi machozi yakanitoka.

Ndani ya ndege nilimwambia mapema mama aliyekaa pembeni yangu, nikamuuliza kama paka humletea mzio. Alisema hapana. Ndege ilipoanza kukimbia Chiku alilia kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia, nikaanza kuomba radhi. "Mwache alie," mama akaniambia, "hata watoto wanalia." Niliingiza vidole viwili kwenye wavu. Baada ya kama dakika arobaini akanyamaza, akaweka pua yake kwenye vidole vile. Mnyama hubaki begini chini ya siti safari nzima, na mhudumu alinikumbusha hivyo kwa upole, sikumtoa. Tulipoanza kushuka nilimpitishia kidole chenye chakula laini kwenye upenyo mdogo wa zipu, alambe na kumeza, ili masikio yazibuke. Alilamba mara sita.

Chooni alikataa, uwanja wa kuunganishia na hata baadaye. Saa kumi na saba. Pedi ilibaki kavu.

Kule tulikofika ofisa alisoma chipu, akalinganisha tarakimu 15 moja baada ya nyingine na zile za cheti, akapiga muhuri. Dakika tano hivi, kwa kazi ya miezi mitano.

Nyumba mpya haikuwa na kitu zaidi ya godoro. Nilifunga mlango, nikafungua zipu. Chiku alitoka akiwa ameinama, akafuata ukuta wa chumba mzima kwa ndevu zake, akanywa maji mengi, akaenda haja kwenye trei yake ya mchanga. Kisha akarudi begini, akazunguka mara mbili juu ya ile fulana, akalala.