Pima sanduku kwanza, PID baadaye

Somo la udhibiti wa mifumo ya mstari huanza na hesabu za Laplace, na wengi hukwama hapo hapo. Kuna njia nyepesi ya kuliingia: mashine ya kutotoleshea vifaranga. Ni sanduku la plaiwudi, hita ya wati 150, feni ndogo na sensa ya joto. Mayai ya kuku yanataka karibu 37.5°C kwa siku 21. Sanduku hilo lina karibu kila kitu kinachofundishwa muhula wa kwanza, mradi umwambie mwanafunzi aache kuchezea namba za PID (kidhibiti chenye sehemu tatu: P hufuata kosa, I limbikizo lake, D kasi ya badiliko) kabla hajapima.

Kipimo chenyewe ni jaribio la hatua. Zima udhibiti wote. Ipe hita nguvu isiyobadilika, tuseme asilimia 30, uache feni inazunguka mpaka joto litulie kabisa. Usikadirie kwa macho. Subiri dakika 20 bila namba kusogea. Kisha ruka kwa mkupuo mmoja hadi asilimia 45, na uandike joto kila sekunde 2. Chumba kiwe na joto lile lile muda wote, mlango wa sanduku usiguswe.

Chukua sanduku lililotulia 34.0°C kwa asilimia 30, likatulia tena 38.5°C kwa asilimia 45. Nyuzi 4.5 kwa asilimia 15, yaani kizidishi K ni 0.30°C kwa kila asilimia moja ya nguvu. Sasa tafuta nyakati mbili kwenye jedwali lako: pale joto lilipofika asilimia 28.3 ya safari yake (35.27°C) na pale lilipofika asilimia 63.2 (36.84°C). Ikiwa ni sekunde 240 na 640 tangu uruke, toa: 400. Zidisha kwa 1.5, unapata T, muda bainishi, sekunde 600: muda ambao joto, likishaanza kusogea, huchukua kufika asilimia 63.2 ya safari. Ukiitoa T kwenye 640 unabaki na 40. Hizo sekunde 40 ni L, ucheleweshaji: muda ambao hita imeshapata moto lakini sensa haijui lolote.

L ndiyo adui. Namba nyingine mbili zinavumilika.

Ndiyo maana themostati ya kuwasha na kuzima huyumba hata ikiwa nzuri kiasi gani. Chumba kikiwa 25°C, hita kamili ingelipeleka sanduku hili hadi 55°C, kwa hiyo linapopita 37.5 linapanda kwa (55 − 37.5) ÷ 600, karibu 0.029°C kwa sekunde. Zima papo hapo: kwa sekunde 40 zijazo joto linaendelea kupanda nyuzi 1.2. Likishuka, linapitiliza chini kwa nyuzi 0.8 kwa sababu hiyo hiyo. Kununua themostati ya bei kubwa hakupunguzi hata sekunde moja ya L. Kusogeza sensa karibu na mkondo wa feni kunapunguza, na ni bure.

Hatua inayofuata ni kuipa hita nguvu kulingana na kosa: u = Kp × e, ambapo u ni asilimia ya nguvu ya hita, Kp ni kizidishi unachochagua, na e, yaani kosa, ni joto lengwa ukitoa joto lililopo. Kwa sanduku hili, Kp ikikaribia 80 linaanza kuyumba lenyewe bila kukoma, kila wimbi likichukua sekunde 156 hivi. Weka 25, mbali na ukingo huo. Linatulia vizuri, lakini mahali pasipo sahihi: 36.0°C. Hakuna kilichoharibika. Ili kukaa 37.5 hita inahitaji asilimia 41.7, na fomula hii haitoi asilimia yoyote pasipo kosa. Basi kosa linabaki: 12.5 ÷ (1 + 25 × 0.30), yaani nyuzi 1.5.

Dawa ni kuongeza limbikizo la kosa, I. Kosa likidumu, I inaendelea kukua mpaka liishe. Kwa namba, napendelea kanuni aliyoichapisha mhandisi Skogestad wa Trondheim, Norwei, mwaka 2003: Kp = T ÷ (K × 2L), na muda wa limbikizo Ti (ukiwa mfupi, I hukua haraka) ni ule ulio mdogo kati ya T na 8L. Hapa inatoa Kp 25 na Ti sekunde 320. Kanuni ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942, ambayo bado hufundishwa kwanza, ingetoa 45 na sekunde 133. Inafanya kazi, ila kwa mawimbi mengi kuliko yai linavyostahili.

Hapa ndipo programu nyingi za wanafunzi hupika mayai. Mashine ikiwashwa baridi, kosa ni nyuzi 12.5 na hita iko asilimia 100 kwa dakika 6. Muda wote huo limbikizo linajaa, na joto linapofika 37.5 limbikizo limefika asilimia 183, wakati kinachohitajika ni 42. Hita inagoma kupungua mpaka joto lipitilize sana, juu ya 40°C. Weka sharti: u ikigonga 0 au 100 na kosa likiwa linaisukuma upande ule ule, usiongeze kitu kwenye I. Ni mstari mmoja wa programu, na bila huo hesabu yote iliyotangulia ni bure, kwa sababu hita iliyofika mwisho wake si mfumo wa mstari tena.

Neno hilo "mstari" lina maana hasa: ukiongeza amri maradufu, badiliko la joto nalo liwe maradufu. Dima ya kawaida (kipunguza mwanga wa taa) inayokata wimbi la umeme huvunja sharti hilo. Ikikata nusu ya kila nusu-wimbi hita inapata nusu ya nguvu, sawa. Ikikata robo, inapata asilimia 91. Tumia rilei ya elektroniki (swichi isiyo na sehemu inayosogea) inayowasha kwenye volti sifuri, katika vipindi vya sekunde 2. Kwa umeme wa hezi 50 kipindi hicho kina nusu-mawimbi 200, kwa hiyo unaweza kupanda kwa nusu asilimia, na nguvu inafuata amri moja kwa moja.

Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, jambo lisilohitaji kuelezwa kwa msomaji wa huku, nguvu ya hita inabaki asilimia 76. K inashuka hadi 0.23, na I inapanda yenyewe mpaka u iwe 55 hivi. Huna cha kurekebisha.

Sehemu ya tatu, D, iache. DS18B20, sensa ya joto ya kidijitali, husoma kwa ngazi za 0.0625°C, na D hutazama kasi ya badiliko: ngazi moja ndani ya sekunde 2, ukiwa na Td (uzito wa D) ya sekunde 10, inarusha hita asilimia 8 bila sababu. Sensa hiyo ina vituko viwili zaidi. Husoma 85 ikiwa haijamaliza kipimo chake cha milisekunde 750 tangu iwashwe, na waya ukikatika maktaba yake maarufu ya programu za Arduino (bodi ndogo ya kompyuta) hurudisha −127. Kidhibiti kinaamini ni baridi kali, kinafungulia hita yote. Kataa kila usomaji ulio nje ya 10 hadi 60. Ukikataa mara tatu mfululizo, zima hita na upige kengele. Kipinga cha kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na wa umeme kisisahauliwe.

Rudia jaribio la hatua sanduku likiwa na mzigo. Chupa ndogo za maji zinatosha badala ya mayai. Utaona mkunjo wenye sehemu mbili, hewa ikiwahi na maji yakijikokota. Pima T kwenye ile sehemu ya hewa. Wiki ya mwisho vifaranga ndani ya mayai hutoa joto lao wenyewe, na u itashuka siku hadi siku bila wewe kugusa kitu.

Rilei ya elektroniki ikifa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga, hita ikiwaka moja kwa moja. Hakuna namba ya Kp inayozuia hilo. Unganisha themostati ya kimekanika kwa mfululizo na hita, ikate kwenye 39°C.