Picha imepotelea njiani

Leo mtoto wa ndugu yangu kaja na kidude cha kutambua mwendo wa mkono, kina kamera mbili za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kaunganisha na kompyuta yenye skrini mbili ya studio yangu ya picha hapa Langoni, Lamu, nihamishe picha skrini hadi skrini kwa mkono mtupu. "Ami, finya vidole kama unaokota kashata, sogeza mkono, kisha achia." Nikafinya, picha ya jahazi ikanifuata... ikapotelea katikati! Kumbe jua la dirishani nalo lina infraredi, linazitia kamera kiwi. Kufunga dirisha tu, ikatua skrini ya pili barabara. Bega lakini, we! Kipanya hakichoshi hivi. Mara jirani kapita mlangoni, nikampungia mkono. Picha saba za bwana harusi zikahamia skrini inayotazama barazani. Wazee wanazikagua mpaka sasa.