Mkate Ulioingia Koga

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Juma lililopita wajukuu wa dada yangu walituwekea filamu sebuleni, ile The Tinder Swindler iliyotoka mwaka 2022. Ni mambo ya kweli. Wenyewe waliotapeliwa ndio wanaosimulia. Mwanamume mmoja wa Israeli alijiita Simon Leviev, akajifanya mtoto wa tajiri wa almasi. Alikutana na wanawake mtandaoni, akawapandisha ndege ya kukodi, akawapeleka hoteli za kifahari. Mapenzi yakishakolea inakuja picha: mlinzi wake amepasuka kichwa, damu zinamtoka. Maadui wananiwinda, siwezi kutumia kadi zangu, nisaidie. Dada wa watu anakopa benki, anatuma. Kumbe picha ile ile imetumwa kwa mwingine, na fedha za huyu ndizo zinazomlipia mwenzake hoteli.

Tulicheka. Nasema kweli mbele za Bwana, sebule nzima ilicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Filamu ilipotoka, watu wengi mitandaoni waliwatukana wale wanawake, wakawaita wapenda pesa. Sisi tulifanya vivyo hivyo, tena na chai mkononi.

Usiku sikulala vizuri. Nikafungua Yoshua 9, nanyi naomba mwisome yote kabla ya Alhamisi.

Wagibeoni walikuwa majirani wa Israeli. Waliposikia jinsi Yoshua alivyoiangamiza miji ya Yeriko na Ai, waliogopa, wakatafuta magunia yaliyochakaa, viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwa, viatu vyenye viraka, na mkate uliokauka ukaingia koga. Wakaja Gilgali wakasema wametoka nchi ya mbali, na mkate huu, walisema, tuliuchukua ungali moto siku tuliyoondoka nyumbani. Hebu fikirini kazi hiyo. Kuna mtu alikaa akachagua mkate mbovu kuliko yote.

Kinachoniuma ni mstari wa 7. Israeli walishtuka! Waliuliza swali lenyewe hasa: huenda mnakaa katikati yetu, tutafanyaje agano nanyi? Lakini walipoonyeshwa mkate, swali likafa, wakawaapia kuwaacha hai. Mstari wa 14 unasema walitwaa katika vyakula vya wale watu, wala hawakutaka shauri kinywani mwa BWANA. Na Gibeoni haikuwa mbali. Walipokuja kusafiri, walifika miji yao siku ya tatu tu.

Msidhani ni mambo ya watu wa kale, wala ya wasiosoma. Bernard Madoff wa New York alikuwa akiwalipa wateja wa zamani kwa fedha za wateja wapya, kwa miaka mingi. Mwaka 2006 wakaguzi wa mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani walimhoji, akawapa namba ya akaunti ambako hisa zilitakiwa kuwa zimehifadhiwa. Baadaye alieleza kwamba siku ile alidhani mambo yamekwisha, kwa sababu simu moja tu ingemuumbua. Simu hiyo haikupigwa. Mpaka Desemba 2008, alipokiri kwa wanawe nao wakamripoti, taarifa za wateja wake zilionyesha dola zipatazo bilioni 65 ambazo hazikuwepo. Wengi wa waliolizwa walikuwa Wayahudi wenzake, waliomwamini kwa kuwa ni wa kwao. Taasisi ya Elie Wiesel, mzee aliyeponea kambi za Wanazi, ilipoteza takriban dola milioni 15.

Wa kwao. Hapa Tanzania tunalijua hilo. DECI, ule mpango wa upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009, uliongozwa na wachungaji, na fedha zilikuwa "zinapandwa" na "kuvunwa". Maneno yetu ya madhabahuni kabisa.

Mimi sikupanda DECI. Yangu ilikuja miaka mingi baadaye, kwa mtu tuliyeimba naye kwaya, sauti moja. Nilimuuliza, kama Israeli walivyouliza: hizi fedha zinazaa wapi? Hakujibu. Alifungua simu akanionyesha ujumbe wa muamala, laki nne zimeingia asubuhi ile. Huo ndio ulikuwa mkate wangu. Nilitoa milioni moja na laki mbili, ada ya watoto. Mke wangu nilimwambia baada ya miezi minane, na kanisani sijamwambia mtu hadi leo ninapoandika. Nimesimama mbele yenu kufundisha juu ya uaminifu nikiwa na jambo hilo kifuani. Ndiyo maana nilicheka sana sebuleni. Mwenye kucheka haulizwi.

Sasa tazameni Maandiko yalivyowatendea Yoshua na wakuu. Mkutano wote uliwanung'unikia, na habari hiyo haikufutwa, imeandikwa tuisome. Kiapo walikishika hata kilipowagharimu. Halafu ingieni sura ya 10: wafalme watano wanaipiga Gibeoni, Wagibeoni wanapeleka ujumbe Gilgali, na Yoshua anapanda usiku kucha kuwaokoa watu waliomdanganya. Ni siku hiyo, wapendwa, alipoliambia jua lisimame. Lisimame juu ya wapi? Juu ya Gibeoni. Nimesoma sura hiyo tangu shule ya Jumapili na sikuwahi kuona kwamba ni mji ule ule, mji wa aibu yake.

Naamini katika ibada yetu kuna wengine wenye Gibeoni yao: mama aliyetuma fedha kwa "mchumba" wa ng'ambo, kijana aliyelipia kazi ya Uarabuni isiyokuwepo. Hawasemi kwa sababu wametusikia tukicheka.

Alhamisi, kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, tutasoma Yoshua 9 hadi 10:14. Nitaanza kusema mimi. Nimemwomba mke wangu akae karibu nami.